Jina Filomena lilitoka wapi, na mbona limebaki kwa mabibi tu?

#1 Mjukuu wa Kibosho
Wakuu, habari za jioni. Mke wangu anajifungua mwezi ujao, vipimo vinasema mtoto wa kike, na ndiye wa kwanza. Kwa desturi yetu Wachaga hapo hakuna mjadala: binti wa kwanza anabeba jina la mama wa baba. Mama yangu ni Filomena.

Mke wangu (wa Pangani huyu, alikuja Moshi kikazi) anasema mtoto wake hawezi kuitwa jina la mtu mwenye fimbo. Nikitafakari, naona ana hoja. Jumapili kule Kibosho ukisimama nyuma ya kanisa ukaita "Bibi Filomena!", benchi la mbele wanageuka watatu. Ukienda chekechea ukaita hivyo hivyo, hageuki hata mmoja.

Sasa naomba kujua: hili jina ni la wapi, lina maana gani, lilifikaje huku mlimani, na liliishia wapi? Nikipata majibu ya kueleweka nitakuwa na cha kumwambia mwenye tumbo lake.

#2 Bodaboda wa Memorial
Naweka kiti hapa, wenyewe wanakuja.

#3 Mlutheri wa Machame
Shimbonyi. Huku kwetu hilo jina hulikuti. Ninyi Roma ndio mlioleta majina marefu kama mnyororo wa baiskeli: Filomena, Skolastika, Restituta, Perpetua. Sisi mtoto anaitwa Aika, asante, kwisha, uji unaendelea kuchemka. Mtu akiniambia anaitwa Filomena sina haja ya kumuuliza kwao. Ni Kibosho, Uru, Kilema au Rombo.

#4 Mlei wa Parokia
Mlutheri kasema kwa utani lakini ndipo jibu lilipo. Hilo jina limefuata misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua Kilema 1890, Kibosho 1893, wengi wao Wafaransa na watu wa Alsace. Enzi hizo ukipeleka mtoto kubatizwa huendi na jina mfukoni. Padre anafungua kalenda, anatazama mtakatifu wa siku hiyo au wa karibu, anaandika kwenye daftari. Sikukuu ya Filomena ilikuwa 11 Agosti. Mtoto aliyezaliwa Agosti, kahawa zikiwa zinavunwa, huyo ni Filomena. Si ajabu wakawa wengi.

#5 Dada wa Rau
Mlei, hiyo ya kalenda huwa naisikia sana ila kwetu inagoma. Mama yangu mkubwa ni Filomena, kazaliwa Februari, kabatizwa Pasaka. Jirani yetu Filomena wa Uru yeye kazaliwa Novemba. Hao nao kalenda yao ilifunguliwa upande gani?

#6 Fundi Saa
Mnajisumbua. Filomena ni Filemoni wa kike. Kama Paulo na Paulina, Yosefu na Yosefina. Waraka kwa Filemoni upo kwenye Biblia. Jina la Biblia hilo, mpe mtoto, tulale.

#7 Kilatini Kidogo
Fundi Saa, hapana. Nilikaa seminari miaka minne kabla wito haujanikimbia, kidogo nilichobaki nacho nakigawa bure.

Filemoni na Filomena wana mzizi mmoja wa Kigiriki, ule wa kupenda, lakini mmoja hakutoka kwa mwingine. Kwa maelezo ya kawaida Filomena ni *philoumene*, yaani "anayependwa". Kipenzi, kwa ufupi. Wapo wanaoligawa kwa namna nyingine: *philos*, rafiki, na *menos*, nguvu au ari. Hapo unapata "mpenda nguvu" au "rafiki jasiri". Walimu wangu walishika la kwanza, vitabu vya majina ya watoto vinapenda la pili.

#8 Mama Mapacha
Mbona mimi sista aliyetufundisha kipaimara alituambia ni "binti wa nuru"? Tena alieleza vizuri kabisa, *filia* ni binti, *lumen* ni nuru. Ukiunganisha unapata Filumena. Dada yangu ana hilo jina na ametamba nalo miaka arobaini. Leo nikamwambie ni "rafiki wa nguvu", atanifukuza kwake.

#9 Kilatini Kidogo
Usimwambie kitu. Sista wako hakutunga, hiyo tafsiri ni ya zamani na imetoka kwa watawa wa Italia karne ya 19. Ila ni tafsiri ya ibada. Lugha haiko hivyo, jina la Kigiriki huwezi kulikata vipande vya Kilatini kama bomba la maji.

#10 Meku Rombo
Naona mnaruka kisa chenyewe. Kaeni niwaeleze, bibi yangu alitusimulia hiki wakati wa kumenya ndizi, na baadaye nikakisoma mwenyewe.

Mei 1802, Roma, kwenye makaburi ya chini ya ardhi yanayoitwa Katakombe ya Prisila. Wachimbaji wanakuta kaburi limezibwa kwa vigae vitatu vya udongo vyenye maandishi mekundu. Vigae vimechorwa nanga, mishale na tawi la mtende. Ndani kuna mifupa ya msichana wa miaka kama 13 au 14, na kichupa cha kioo ambacho watu waliamini kiliwekwa damu. Maandishi yanasomeka LUMENA, halafu PAX TE, halafu CUM FI. Hayaleti maana. Mtu akachukua kigae cha mwisho akakiweka mwanzo, yakasomeka "Amani iwe nawe, Filumena".

Mwaka 1805 padre mmoja akaipeleka mifupa Mugnano, karibu na Napoli, miujiza ikaanza. Baadaye sista wa Napoli akasema ameoneshwa maisha yake: binti wa mfalme wa Ugiriki, Kaisari Diokletiani alimtaka, akakataa, akafungwa nanga akatupwa mtoni, akapigwa mishale, mwisho akakatwa kichwa. Halafu Papa Yohane Paulo wa Pili akamfuta.

#11 Kilatini Kidogo
Meku umesimulia vizuri, nakurekebisha mawili.

Moja, kigae. Hebu chukua kipande cha karatasi ujaribu. Ukipeleka cha mwisho mwanzo unapata CUM FI, LUMENA, PAX TE, bado ni ugali na maharage sahani moja. Unachukua cha *kwanza* unakipeleka *mwisho*: PAX TE, CUM FI, LUMENA.

Mbili, Yohane Paulo wa Pili hahusiki, 1961 alikuwa bado askofu msaidizi Krakow. Vatikani iliagiza sikukuu yake itolewe kwenye kalenda zote mwaka huo wa 1961, chini ya Yohane wa 23. Na haikusema hakuwahi kuwepo. Iliondoa sikukuu tu. Kanisa lake Mugnano lipo mpaka kesho na watu wanahiji.

#12 Bodaboda wa Memorial
Kwa hiyo jina zima limetoka kwa fundi vigae aliyepanga vibaya? Mafundi ni wale wale tangu zamani. Wa kwangu bafuni kaanzia mlangoni akamalizia ukutani.

#13 Kilatini Kidogo
Ha ha. Wapo wataalamu wa mambo ya kale wanaosema hivyo hivyo, kwa heshima zaidi: kwamba vigae vilipangwa ovyo kwa sababu vilitolewa kwenye kaburi la zamani zaidi vikazibia kaburi la mtu mwingine. Kwa hiyo Filumena wa kwenye vigae na msichana wa ndani huenda ni watu wawili. Hapo ndipo kelele zote zilipoanzia.

#14 Mama Mapacha
Sasa ndiyo naelewa kwa nini bibi yangu alikuwa akitamka "Filumena" kwa u, nasi tunacheka kwamba ni Kichaga kinamkwama. Kumbe alikuwa anasoma kigae.

#15 Mlei wa Parokia
Dada wa Rau (#5), nimelala na swali lako. Naanza kwa kujisahihisha: hata kwenye kalenda ya Kanisa zima Filomena hakuwahi kuingia, ilikuwa ruhusa ya sehemu fulani tu, iliyoanza na Papa Gregori wa 16 mwaka 1837. Kwa hiyo "padre kafungua kalenda" peke yake haitoshi. Na leo 11 Agosti ni ya Mtakatifu Klara, aliyehamishwa kutoka tarehe 12 baada ya kalenda mpya ya 1969.

Ila nina njia nyingine ya kulifikisha Kilimanjaro, na hii inapitia Lyon, Ufaransa. Kulikuwa na mwanamke anaitwa Pauline Jaricot, ndiye aliyeanzisha Shirika la Uenezaji wa Imani mwaka 1822, watu wanachanga senti kila wiki kwa ajili ya misheni. Mwaka 1835 aliugua moyo hadi watu wakamkatia tamaa, akabebwa mpaka Mugnano, akapona pale mbele ya masalia ya Filomena. Habari ikaenea Ufaransa nzima, na Padre Vianney wa Ars naye akawa haachi kumtaja. Ndiyo Ufaransa waliyokulia mapadre wetu, na zile senti za lile shirika ndizo zilizosaidia misheni nyingi za Afrika, hizi za pwani na mlimani zikiwemo. Jaricot mwenyewe katangazwa Mwenye Heri Lyon, Mei 2022. Padre wa hivyo lazima awe na Filomena mdomoni, iwe Agosti au isiwe.

#16 Mtoto wa Reli
Mlei, ya Lyon ni tamu ila mnamsahau Mgoa. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, Arusha ikafika 1929. Na reli walikuja makarani, washonaji na wapishi kutoka Goa, Wakatoliki wa kurithi kwa Wareno. Filomena kwao ni kama Aika kwa Machame. Nimekulia Arusha nyumba za reli, duka la cherehani lililotushonea sare mwenye nyumba aliitwa Filomena, sauti inasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Mama zetu walichukua majina kwa watu waliowaona, si kwa watu wa Lyon.

#17 Meku Rombo
Rombo hakuna reli, mangi. Na Filomena tunao. Labda Mgoa wako alipanda mlima kwa miguu.

#18 Mtoto wa Reli
Alipanda kutafuta mbege. Mengine yakafuata.

#19 Aliyesoma Mysore
Kuunga mkono ya Wahindi kidogo. Nimesoma Mysore miaka mitatu, pale mjini kuna kanisa kuu la Mtakatifu Filomena, minara miwili mirefu ya ncha, unaiona kabla hujafika. Jiwe la msingi liliwekwa 1933 na maharaja mwenyewe, na maharaja alikuwa Mhindu. Niliwapigia simu nyumbani Kilema nikawaambia nimemkuta bibi India. Bibi akauliza kama wanamlisha vizuri.

#20 Mlutheri wa Machame
Bibi kajibu kuliko sisi wote humu.

#21 Fundi Saa
Narudi. Kilatini amenipiga kwenye Filemoni, sawa, ila kuna jamaa dukani kaniambia Filomena ni jina la ndege. Hii nayo mtasema nini?

#22 Kilatini Kidogo
Hapo una kitu, usirudi nyuma. Kuna Filomela wa hadithi za Wagiriki, msichana aliyetendewa ukatili na shemeji yake, akakatwa ulimi asiseme. Akafuma habari yote kwenye kitambaa akampelekea dada yake. Mwisho miungu ikawageuza ndege, na washairi wa Kilatini wakamfanya yeye kuwa yule ndege mdogo wa Ulaya anayeimba usiku. Karne za kati watu wakawa wanaandika *philomena* kwa maana ya huyo ndege, l ikageuka n. Na jina kwa wanawake lilikuwepo: Boccaccio wa Italia, karne ya 14, kwenye kitabu chake cha hadithi, Decameron, mmoja wa wanawake saba wanaozisimulia ni Filomena. Miaka mia nne na zaidi kabla ya vigae. Kwa hiyo anayesema jina limezaliwa 1802 naye akae chini kidogo. Lililozaliwa 1802 ni umaarufu.

#23 Mama Mapacha
Aliyekatwa ulimi. Mjukuu wa Kibosho, hiyo usimwambie mwenye mimba.

#24 Mwarusha Halisi
Habari za huko Moshi. Mimi wa Ilboru, mama yangu ni Filomena kwenye makaratasi na Namnyak nyumbani, yaani mwenye bahati. Filomena lilikuwa jina la ubatizo na la kadi ya kliniki, basi. Boma zima hakuna aliyelitumia. Na bahati yenyewe ilimkimbia siku alipokwenda ofisi moja hapa mjini kufuatilia mafao ya marehemu baba. Cheti cha ndoa kimeandikwa Filomena, kitambulisho Philomina, kadi ya benki Filomeno, kwa o. Karani anamtazama, anatazama karatasi, anamuuliza, "Mama, huyu Filomeno ni nani yako?" Miezi saba tumezunguka na viapo vya wakili. Sitaji ofisi. Lakini mleta uzi, ukimwita mtoto hilo jina, lisimamie uandishi wake tangu siku ya kwanza, herufi kwa herufi.

#25 Dada wa Rau
Filomeno! Pole kwa mama, nimecheka na bado naona aibu. Shangazi yangu naye shule walimwandika Filimona, akasoma hivyo mpaka la saba.

#26 Bodaboda wa Memorial
Hata hali ya hewa wanaliandika. Januari 2021 ile dhoruba iliyofunika Madrid kwa theluji iliitwa Filomena. Mji mzima mweupe, watu wanateleza barabarani kama wapo Kibo.

#27 Mlutheri wa Machame
Afadhali wamelipeleka Madrid. Huku theluji inatuishia mlimani, tukimpata Filomena mmoja wa namna hiyo tunamshukuru.

#28 Mjukuu wa Kibosho
Wakuu, asanteni, nimesoma yote. Jumamosi nilipanda Kibosho kumuuliza mwenye jina. Nikampa yote: vigae, Lyon, Mgoa, ndege (ulimi niliuacha). Mama alikuwa anapepeta maharage, hakusimama. Akasema, "Mimi jina nilipewa na mama yangu wa ubatizo. Yeye ndiye alikuwa Filomena." Nikamuuliza, na yeye alipewa na nani? "Na mama yake wa ubatizo. Ulitaka apewe na nani, mkuu wa mkoa?"

Halafu akaingia ndani, akatoka na mkebe wa majani ya chai. Ndani kuna kadi yake ya ubatizo, wino umekuwa wa kahawia, sarafu mbili zenye tundu katikati, na uzi. Uzi uliosokotwa, mwekundu na mweupe, una mafundo upande mmoja, mwekundu umeshapauka umekuwa kama rangi ya ndizi ng'ombe iliyopikwa. Kasema aliachiwa na huyo mama wa ubatizo, na kwamba unafungwa kiunoni mtu akiwa na ujauzito mgumu. Yeye aliufunga nikiwa tumboni. Hajui umetoka wapi.

#29 Bodaboda wa Memorial
Uzi ndani ya uzi. Nimesimamisha pikipiki.

#30 Mlei wa Parokia
Huo ni mshipi wa Mtakatifu Filomena! Mwekundu kwa ushahidi wa damu, mweupe kwa ubikira. Watu wa ibada yake waliuvaa kiunoni chini ya nguo kuomba afya. Sasa hapo hakuna ubishi, lazima uliletwa na mtu aliyeijua ibada yenyewe: padre au sista kutoka Ulaya. Naipa Lyon pointi.

#31 Mtoto wa Reli
Na Mgoa hakuwa na ibada? Wagoa wamejaa mishipi na skapulari shingoni kuliko sista yeyote. Nani alikuwa na nyuzi mjini Moshi, padre au mshonaji? Pointi irudi stesheni.

#32 Dada wa Rau
Mimi nimesimama kwenye hilo la mama wa ubatizo. Ndilo linaloeleza Februari ya mama yangu mkubwa na Novemba ya jirani. Padre au Mgoa alimleta Filomena mmoja au wawili, waliobaki wamesimamiana wenyewe kwa wenyewe, mwanamke anamshika mtoto wa mwenzake pale kwenye maji na kumwachia jina lake. Nimempigia mama yangu mkubwa mchana. Kweli, mama yake wa ubatizo alikuwa Filomena wa Uru.

#33 Meku Rombo
Basi na kupotea kwake ni 1961. Vatikani imemtoa, mapadre wameacha kumtaja, jina limekufa.

#34 Dada wa Rau
Meku, dada yake mama wa mwisho ni Filomena wa 1968. Tena binamu yangu wa Kilema ni wa 1974. Habari za 1961 ziliwafikia kwa miguu? Jina limeuawa na sisi. Sisi ndio tulioanza Doreen na Glory, sasa tuko kwenye Precious. Kwenye ubatizo wa mwisho niliohudhuria walikuwepo watoto kumi na mmoja na Brighton walikuwa wawili.

#35 Mlei wa Parokia
Na kuna kipindi watu walianza kutaka majina ya nyumbani hata kwenye ubatizo. Manka akarudi, Filomena akakaa pembeni. Sikubaliani kwamba 1961 haina mchango, ila nakiri si yote.

#36 Kilatini Kidogo
Mjukuu, yule bibi mwenye mkebe anajua zaidi yetu. Swali dogo: mkeo amesemaje?

#37 Mjukuu wa Kibosho
Kuhusu maana ya jina hakusema kitu, si "anayependwa" wala "binti wa nuru". Nilipomwonesha picha ya mkebe akaikuza kwenye simu, akaangalia ule uzi muda mrefu. Mgongo unamuuma wiki hii, halali. Akauliza, "Mama anaweza kuniazima?" Mama kasema atashuka nao Ijumaa, na kwamba hauazimwi, unaachwa. Jina bado hatujaongea.

#38 Mama Mapacha
Mungu awasimamie. Ukimwita Mena shuleni hata wenzake watalipenda.

#39 Mpya Humu
Habari wadau, samahani sijasoma kurasa zote. Filomena si ndiyo Filemoni wa kike?

#40 Fundi Saa
Ndugu yangu, karibu. Kaa hapa na mimi.